Chupa Namba Tisa

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Shikamoo yako niliisikia vizuri, ila simu ilikatika kabla sijaijibu. Mimi ni mzima, goti tu linanilalamikia nikipanda ngazi za maabara. Nyinyi je? Mjukuu wangu Kicheko ameamkaje? Mume wako hajambo? Wewe mwenyewe unapata usingizi?

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba ugonjwa ukiwa wa kurithi, aliyeurithisha lazima naye awe mgonjwa. Wanaupanga ukoo mzima mstari mmoja, wanamtafuta mgonjwa, na wakimkosa wanamgeukia mama wa mtoto. Mama mkwe wako amefanya kosa hilo hilo. Usimchukie. Nimewahi kuwasikia madaktari wakilifanya, na makoti yao meupe wameyavaa.

Ulilia kwenye simu kwa sababu alikuambia mbele ya wageni, "Sisi tumezaa watoto kumi na mmoja, hakuna aliyefika miaka mitatu hajaita hata mama." Nataka nikueleze polepole, tena kwa maandishi. Maneno ya simu huwezi kuyarudia kesho ukayakuta palepale. Ndiyo maana tangu mkiwa shule niliwalazimisha wewe na mdogo wako Kitinda kuandika tarehe juu ya kila karatasi, mkaniita "Baba Tarehe" mkidhani sisikii.

Chukulia kwamba kila chembe ya mwili ina maktaba ndogo. Kila kitabu kipo nakala mbili, moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Kwa kawaida zote mbili husomwa, na moja ikichanika, mwenzake huziba pengo. Lakini vipo vitabu vichache ambavyo havifuati utaratibu huo. Juu ya kurasa zake kuna alama ndogo mno za kemikali zinazoamua nakala ipi isomwe na ipi ifungwe. Herufi hazibadiliki hata moja. Kinachobadilika ni ruhusa ya kuzisoma. Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka thelathini na moja: alama zinazokaa juu ya jeni, yaani vitabu hivyo, na jinsi ubongo wa mtoto unavyojengwa kwa kuzifuata.

Basi ipo jeni moja ambayo, ndani ya ubongo, nakala ya baba hufungwa. Ni hivyo kwangu, kwako na kwa kila mtu. Inayosomwa ni ya mama peke yake. Nadhani nakala ya Kicheko iliyotoka kwako imechanika. Ile ya baba yake iko salama kabisa, lakini imefungwa, haiwezi kumsaidia. Ndiyo maana hasemi, hasimami, mikono inamtetemeka, anashikwa na kifafa, na anacheka hata pazia likipepea. Hapa maabara tunajaribu kuiamsha nakala ya baba. Kwa panya tumefanikiwa. Kwa watoto bado, na sitakudanganya.

Mara nyingi kuchanika huku huanza kwa mtoto mwenyewe, bila kupewa na mtu. Nendeni mkatolewe damu, wewe na yeye. Daktari wa watoto wa hospitali yenu nilimfundisha mimi; mwambie nimekutuma.

Leo fanya jambo moja: shusha godoro lake liwe sakafuni. Mtoto mwenye kifafa halazwi kitandani.

Baba yako


27 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tunaendelea. Goti lako limepona, au unasubiri kwanza panya wapone? Godoro tulilishusha siku ileile. Kicheko anaona ni mchezo tumemtengenezea. Anajiviringisha mpaka mlangoni, anagonga kichwa, anacheka.

Majibu yametoka. Mwanafunzi wako aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, kasoro hii ya mtoto, na wewe unayo."

Nikamwambia, "Daktari, mimi natembea. Nasema, tena sana, muulize mume wangu. Nafundisha hesabu watoto arobaini na wanane. Kasoro ipi?"

Akasema, "Muulize mzee. Yeye ndiye aliyetufundisha sura hiyo."

Sasa nakuuliza, mzee. Nimeitoa wapi?

Mume wangu aliishika ile karatasi muda mrefu, kisha akasema, "Basi ni kwenu." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mama yake ndiye aliyemalizia: "Mama wa huyu alikufa mapema. Nani ajuaye alikuwa na nini?" Baba, mama alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Najua hivyo. Lakini tangu siku ile nikimkumbuka mama namkumbuka nikimkagua: alikuwa akishika kikombe vipi, alikuwa akitembea vipi. Nimeanza kuwa kama wao. Ni mama?

Kuna jambo jingine. Kitinda ana mimba ya wiki sita. Ameniambia mimi tu, kwa hiyo akikutangazia jifanye umeshtuka. Nimwambie habari ya damu yangu? Nikimtazama naona anatembea kama amebeba yai.

Binti yako mkubwa


9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini barua hii inawakuta salama, na kwamba kifafa kimepungua kwa dawa mpya. Habari ya Kitinda imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Akinitangazia nitashtuka vizuri, nitadondosha hata kijiko.

Unauliza umeitoa wapi. Inawezekana ilianzia kwako, siku yako ya kwanza kabisa, kabla hujawa mtu. Hutokea. Mbegu moja huchanika peke yake katika mamilioni, na wengine wote wa nyumba hiyo wakawa hawahusiki. Ili tuwe na hakika nitaipima damu yangu mwenyewe. Nipe wiki tatu.

Kuhusu mama yenu, waache waseme. Marehemu haumizwi na maneno.

Kitinda usimwambie kwanza. Mjamzito hapewi hofu ambayo haina jibu, na mtafiti hatangazi kitu asichokipima. Tukishajua, tutamwambia kwa mpango.

Leo nunua daftari. Kila Kicheko anaposhikwa, andika saa, dakika zilizopita, na kama alikuwa na homa.

Baba yako


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Ningeambiwa kama hu mzima, kwa hiyo nakuhesabu mzima.

Wiki tatu zimekuwa kumi na mbili. Daftari limejaa kurasa kumi na tisa. Kifafa kirefu kuliko vyote kilichukua dakika kumi na nne, nikiwa nimepiga magoti darasani kwangu, kwa sababu yaya hakuja siku hiyo nami nilikwenda na mtoto kazini. Wanafunzi wangu walisimama ukutani. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, anakufa?" Nikamjibu, "Andika zoezi."

Mume wangu amekwenda kwa mama yake kupumzika. Amechukua pasi na redio. Mtu anayekwenda kupumzika, Baba, habebi pasi.

Kitinda alikuja Jumamosi. Tumbo limeshatangulia mlangoni. Alikaa na Kicheko kwenye godoro, wakachekeana nusu saa nzima, kisha akaniambia, "Dada, wangu akiwa na nusu tu ya furaha ya huyu, nitashukuru." Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Namficha mdogo wangu kwa agizo lako. Daktari amesema kipimo cha mtoto aliye tumboni kina wakati wake, na wakati huo unapita. Umepima au hujapima?

Binti yako mkubwa


21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana kwa hayo yote, na kwa dakika zile kumi na nne hasa. Mume wako mpe muda.

Mashine ya kusomea damu imeharibika. Tunangoja kipuri kutoka nje, na unajua vipuri havina haraka. Hakuna jibu bado. Tuvumilie kidogo, wala usimtie Kitinda hofu.

Leo jitahidi upumzike.

Baba yako


25 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Kitinda amejifungua jana mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Wote wazima. Ana vidole vya mama.

Kipuri sikuulizi tena.

Binti yako mkubwa


11 Machi

Mwanangu,

Hujaniandikia tangu Oktoba, na mimi pia sikukuandikia. Sina haki ya kuuliza hali yenu, lakini nauliza: Kicheko anaendeleaje? Mtoto wa Kitinda anaendeleaje?

Nina mambo matatu ya kukueleza. Safari hii nitaanza na lililo gumu.

Mashine haikuharibika. Haijawahi kuharibika. Damu yangu niliipima mwaka jana mwezi Machi, na tarehe 23 jibu lilikuwa mezani. Kuchanika kule kuko kwangu. Ni mimi niliyekupa.

La pili. Nilijua hata kabla ya kupima. Nilijua siku niliyoisoma barua yako ya Februari, nikiwa bado nimesimama mlangoni na bahasha mkononi. Mtoto yeyote wa mwaka wa pili wa chuo angejua. Wewe unayo, nawe ni mzima. Ungekuwa umeipata kwa mama yako, ungekuwa kama Kicheko, maana nakala ya mama ndiyo isomwayo. Wewe umekuwa mzima kwa sababu iliyochanika ilitoka kwa baba, na ya baba imefungwa. Nakala nzima aliyokupa mama yako ndiyo iliyokujengea ubongo wako wote. Kisha wewe ulipokuja kuzaa, alama zikafutwa na kuandikwa upya, kama inavyofanyika kila kizazi, na kitu changu kilichokaa kwako kimya miaka yote kikawa sasa ni cha mama. Kikasomwa. Mama yenu hakuwa na kosa lolote. Nilimwacha akabebeshwa lawama kaburini, kwa sababu yeye hakuweza kujitetea nami niliweza kunyamaza.

Nilichokuandikia, kwamba huenda ilianzia kwako, hakikuwa uongo. Kilikuwa kweli niliyoichagua kwa sababu ilinifaa. Kama ni mbegu moja iliyochanika peke yake, Kitinda yuko salama. Kama naibeba mimi mwili mzima, Kitinda ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na kama anayo, mtoto wake naye nusu kwa nusu. Tarehe 23 Machi nililijua hilo. Mimba yake ilikuwa na wiki kumi. Muda ulikuwepo.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka Bwana Barafu, fundi wetu anayetunza friza, yule aliyekuwa akiwapa wewe na Kitinda glavu mpulize kama maputo? Anastaafu mwezi huu. Wiki iliyopita alikuja ofisini kunikabidhi funguo.

"Profesa, kuna chupa moja sijui niiandike wapi."

"Ipi?"

"Namba tisa. Ile ya mwaka ule, uliyosema nitupe."

"Si ulitupa?"

"Uliniambia nitupe, nikaandika nimetupa. Mimi sijawahi kutupa kitu kilichoganda."

Nikueleze utaratibu wetu. Ukitaka kujua mgonjwa ana nini, lazima umlinganishe na mtu mzima. Watu wazima wa kutolewa damu hawapatikani kirahisi, kwa hiyo siku zote sisi wenyewe wa maabara hukunja mikono ya mashati tukatolewa. Tunaiita damu hiyo kundi la wazima. Fundi huzipa chupa namba, na orodha ya majina huifungia kwenye droo, ili anayesoma asijue anamsoma nani. Ni utaratibu mzuri. Nimeusifia kwenye mihadhara.

Miaka kumi na miwili iliyopita, chupa namba tisa katika kundi la wazima ilionyesha jeni ileile imechanika. Nilikuwa na mambo mawili ya kufikiri. Moja: huyu ni mzima anayebeba, ameipata kwa baba yake, na wanawe wa kike wanapaswa kuambiwa. Mbili: jana tulikuwa na damu ya mgonjwa kwenye meza hii hii, tone limeingia, ni uchafu. Nikaandika kwa mkono wangu, "Uchafu. Tupa." Mwandiko ni wangu, nimeusoma tena jana. Kosa lile nililokuandikia kwenye barua ya kwanza, kwamba wengi hudhani mzima hana kilichochanika, nililifanya mimi niliyelipwa kulijua. Wewe ulikuwa bado mwanafunzi. Hakukuwa na mume wala Kicheko.

Nikamuuliza Bwana Barafu, "Namba tisa ni nani?"

Akajibu, "Ni wewe, Profesa." Halafu akasema, "Miaka yote hii nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo sababu ulitaka itupwe."

Aliweka funguo mezani akatoka. Tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na sita, na kwa miaka kumi na miwili ya hiyo mtu huyu alinihesabu kuwa mwongo, akaendelea kunisalimia kila asubuhi. Alikosea kwa mwaka ule. Kwa mwaka huu hakukosea.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilinyamaza ili nisimtishe mjamzito. Kisha nikajiambia amejifungua, tusimharibie furaha. Sababu haziniishii, nimezoea kuzitunga na kuzitetea. Ukweli ni kwamba sikutaka wanangu wanitazame kama mama mkwe wako anavyokutazama wewe.

Sasa nakuomba. Mimi sijui nianzie wapi na Kitinda. Wewe na yeye mnaelewana, unajua saa yake na maneno yake. Mwambie kwa niaba yangu. Nimeambatisha kurasa nne za maelezo, nimejitahidi kuzifanya nyepesi, na michoro ya maktaba.

Leo sina la kukuagiza.

Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo.

Uliuliza hali zetu, nitakujibu kwa mpangilio kama ulivyotufundisha.

Kicheko ana kifafa mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Amejifunza kunivuta sketi akitaka maji. Kwa miaka minne ndilo neno lake la kwanza, na analisema kwa mkono.

Mume wangu bado anapumzika.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama. Nilipomaliza nilivaa viatu nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nikamwambia, "Marehemu mama yangu hakuwa na kitu. Naomba usimtaje tena." Akaniuliza, "Basi ni nani?" Nikasema, "Ni baba yangu, yule profesa." Aliangalia mikono yake, halafu akasema, "Kaa, unywe chai." Sikukaa. Lakini sasa mama nimerudi kumkumbuka vizuri. Alikuwa akishika kikombe kwa mikono miwili kwa sababu alipenda joto, basi.

Mtoto wa Kitinda ana karibu miezi mitano. Shingo haijakaza. Titi linamtoka mdomoni, maziwa yanamrudi puani. Kliniki wamemwambia Kitinda hajui kumshika. Amebadilisha mito mitatu. Wifi yake anasema maziwa yake ni mepesi, kwa hiyo anakunywa uji mpaka anatapika, ili yawe mazito. Wiki iliyopita alikuja akakaa hapa, akaniuliza, "Dada, inawezekana mtoto hanipendi?" Jumapili nilimpakata huyo mtoto. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Niliifunika na shuka kabla mama yake hajaona. Kisha pazia likapepea, akacheka.

Huenda si chochote. Huenda siku hizi namwona Kicheko kila mahali. Wewe ulitufundisha kutotangaza kisichopimwa, na mimi mwanafunzi mzuri nikafunika na shuka. Kunyamaza kwangu ni kwangu, sikupi ukabebe. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na nauli.

Chupa namba tisa naweza siku moja kuielewa. Ulikuwa na haraka, meza ilikuwa chafu, ukaandika ulichoandika. Nasahihisha madaftari arobaini na nane kila siku, najua mtu anavyokosea. Huu mwaka mmoja siujui. Kila asubuhi uliamka ukaona tarehe, Baba Tarehe, ukaiandika juu ya karatasi nyingine. Watu husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe hukulia. Anayelia ni Kitinda, na hajui analia nini.

Nimezisoma kurasa zako nne. Ni nzuri sana, michoro inaeleweka hata kwa mtoto. Nakurudishia, zimo humu ndani. Mimi sitamwambia. Ukiniagiza nimwambie, atapata maelezo kutoka kwa dada yake na ukimya kutoka kwa baba yake, na huo ukimya ndio atakaoulea pamoja na mtoto. Anatakiwa asikie kwamba maziwa yake hayana kosa, na asikie kwako, na amfikishe mtoto kwa mwanafunzi wako kabla homa ya kwanza haijamkuta hajui kifafa ni kitu gani. Kwa Kitinda godoro bado liko juu ya kitanda, Baba.

Posta wanafika kwako kabla ya saa nne asubuhi. Mtoto hulala saa tano, na hapo ndipo Kitinda hukaa peke yake, simu iko karibu. Najua unapenda karatasi kwa sababu inangoja. Yeye amekwisha kungojeshwa. Usianze na maktaba, wala panya, wala alama. Akilia usimweleze kitu, subiri amalize.

Leo mpigie Kitinda simu.

Binti yako mkubwa